Miaka Thelathini na Mmoja Nyuma ya Ukuta wa Moyo

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mapigo atautundika ufunguo wake kwenye msumari wa ofisi ya zamu na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia bustani yetu ya elimu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda wote huo amekosa kazi siku sita tu. Siku nne alizaliwa binti yake, na siku mbili aling'olewa jino. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi kwa sababu nimekuwa jirani yake miaka kumi na tisa: yeye Moyo, mimi Mapafu. Kuta zetu zinagusana. Akikohoa, nasikia, nikilalamika, anasikia, na majibu yake huja kwa kugonga ukuta. Mhariri aliniambia niandike maneno mia tatu. Anisamehe tu.

Kwa wenzetu wageni ambao bado wanapotea kati ya Chumba cha Mvua na kituo cha treni ndogo, nieleze kidogo. Familia ikifika hapa kwa matembezi, hulowa mvua ya bandia, hupanda treni, huzungushwa kati ya sayari, kisha huja kwenye Mwili. Mwili ni yule mtu wetu mkubwa wa waya na plasta aliyelala chali kwenye nyasi, kichwa karibu na geti, miguu huko bwawani. Wageni huingia humo kama damu. Mlangoni wanavalishwa vizibao vya bluu, damu iliyochoka, na kupita upande wa kulia wa Moyo. Wanakuja kwangu kwenye Mapafu, feni inawapulizia hewa, nawavua bluu na kuwavisha nyekundu. Wanarudi kwenye Moyo kwa upande wa kushoto, na mwisho wanateleza kwenye bomba la mshipa mkuu hadi majanini, babu, shangazi, watoto, wote wanapiga kelele sawasawa. Ukiuelewa mzunguko huo umeelewa maisha ya Mapigo, kasoro jambo moja, na jambo hilo ndilo nitakalolisimulia.

Hakuja hapa kuwa Mapigo. Aliajiriwa kwa wiki tatu kupaka rangi. Kila mshipa mnaouona kwenye kuta za Moyo, hata ile myembamba inayopotea juu darini, ni mkono wake. Moyo wenyewe ulikuwa na mashine ya kanda iliyotakiwa kutoa sauti ya mapigo. Siku ya ufunguzi, dakika kumi kabla wageni hawajaingia, mashine ikaitafuna kanda yake yote. Meneja wa wakati ule alishika kichwa. Mapigo alikuwa nyuma ya ukuta, kwenye kijichumba kisichozidi kabati la nguo, anachanganya rangi ya kumalizia pembe moja ya darini ambayo alidhani hakuna mtu angeiona. Akaigeuza ndoo ya rangi chini juu, akaipiga kwa mpini wa brashi. Du-dup. Du-dup. Wageni wakaingia. Inasemekana mama mmoja alitoka anafuta machozi, akisema amekumbuka alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake.

Meneja alikimbilia nyuma kumsihi aendelee hivyo hivyo mpaka Jumatatu, fundi atakapokuja kutengeneza mashine. Huyo fundi hajafika mpaka leo.

Ndoo ilibadilishwa likawekwa pipa la maji lililolazwa ubavu, na mpini wa brashi ukawa fimbo yenye kichwa cha sponji ya godoro. Mengine yalibaki vile vile. Wageni wanaamini ni mashine, nasi wafanyakazi tumeitunza siri hiyo vizazi viwili vya mameneja, jambo la ajabu kwa watu tusioweza kutunza siri ya nani kala andazi la nani. Mapigo sabini kwa dakika, si zaidi, si pungufu, kuanzia saa tatu asubuhi. Akienda chai, wanaweka kibao cha kusema Moyo unapumzika, na watoto wanaambiwa wasubiri kwa adabu.

Kule nyuma hana dirisha. Ana upenyo mmoja chini ya ukuta, urefu wa kiganja, uliokusudiwa kupitisha hewa. Kwa miaka thelathini na mmoja Mapigo ameiona dunia kupitia hapo, na dunia ni miguu. Anajua baba aliyelazimishwa kuja, kwa kuwa viatu vyake huelekea mlango wa kutokea. Anajua wachumba waliogombana kwenye treni. Aliwahi kuniambia kwamba bibi wa mtu akiingia kwenye Moyo, lazima atasimama katikati, na miguu yake itatulia kabisa kwa muda, halafu ndipo ataendelea. Sijui kwa nini, wala yeye hajui.

Lakini niseme kuhusu asubuhi, maana asubuhi ndizo zitakazoniuma. Kabla geti halijafunguliwa, umande ungali kwenye kifua cha Mwili, Mapigo huingia peke yake na kuanza kupiga polepole. Anaita kuupasha. Nami nawasha feni yangu, na mapazia ya Mapafu yanajaa na kulegea, yanajaa na kulegea. Jua linapita kwenye vitambaa vyekundu vya dari, vumbi linaelea ndani ya mwanga ule bila haraka ya kwenda popote, na mahali pote panakuwa na rangi ya kope unapozifumba ukitazama jua. Kwa dakika kumi na tano tunakuwa ndani ya mtu aliyelala, naye anaota kitu kizuri. Nimefanya kazi sehemu tatu maishani mwangu, na hakuna kwingine nilikolipwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Basi siku moja, miaka mingi iliyopita, daktari mmoja alikuja na familia yake. Daktari ni daktari hata akiwa na aiskrimu mkononi. Aliandika kwenye kitabu cha maoni kwamba Moyo wetu unaruka mapigo: unakwenda vizuri, ghafla unatoa matatu ya haraka, kisha unarudi. Alipendekeza ufanyiwe uchunguzi bila kuchelewa. Meneja alichunguza kweli, na akamkamata mgonjwa. Alikuwa binti wa Mapigo, miaka saba wakati huo, anayeletwa na jirani kila Jumamosi saa tano. Akifika katikati ya Moyo anagonga ukuta mara tatu, na baba yake nyuma ya ukuta anamjibu tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Meneja badala ya kumkaripia, aliwaagiza waongozaji wawaambie wageni kwamba moyo huruka hivyo mwenyewe anapomwona ampendaye. Mpaka leo wanasema hivyo.

Sasa nifike kwa mkewe, na hapa naomba Mapigo asininunie, kwa sababu anastaafu na siwezi tena kufukuzwa ujirani.

Wiki chache baada ya ufunguzi ilifanyika Siku ya Familia ya kwanza, siku ile moja ya mwaka ambapo wafanyakazi huleta watu wao. Mapigo alikuwa bado bwana harusi. Alimwambia mkewe aje na viatu vyake vizuri, kwamba amemchorea kitu na atamshika mkono wakitazame pamoja. Mkewe alikuja. Akavalishwa kizibao cha bluu namba kumi na nne, akasimama mlangoni mwa Moyo kusubiri mumewe atoke nyuma amchukue. Mumewe hakutoka. Watu walikuwa wengi, na Moyo hauwezi kusimama watoto wakiwa ndani. Mkewe alisubiri pale mlangoni mpaka geti likafungwa, akaenda nyumbani na kizibao chake mwilini. Alisema ameahidiwa mkono, na bila huo mkono haingii.

Na hakuingia. Kila mwaka alikuja Siku ya Familia na chupa yake ya chai na mayai ya kuchemsha, akapanda treni, akalowa mvua, akazungushwa na sayari. Kwangu Mapafu aliingia kwa mlango wa pembeni, tukapiga soga. Nilipomwuliza kwa nini asipitie kwenye Moyo kama wenzake, alinijibu kwamba mgonjwa haruki foleni, naye bado yuko kwenye foleni ya ule mkono. Kila mwaka nikihesabu vizibao, bluu namba kumi na nne haipo, nami naandika kwenye daftari: ipo kwa mwenyewe.

Mtauliza, si wangeingia jioni, watu wakishatoka? Mapigo alishawahi kumpendekezea hivyo. Mama yule alisema Moyo usiopiga ni maiti, naye hajaja kuangalia maiti. Na mtauliza tena, si angemwachia mtu fimbo kwa dakika tano tu? Hapo ndipo penye ubaya wake, na nitausema. Mapigo ana kiburi cha kazi. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuishika ile fimbo. Dereva wa treni alijaribu mara moja, akapiga mbio mbio, watoto wakatoka ndani wakikimbia na mmoja akapoteza kiatu. Tangu hapo Mapigo alisema basi. Aliwaogopea watoto, ni kweli, lakini kwa kuwaogopea watoto wa watu alimwacha mtu wake mlangoni. Mwaka wa kumi na mbili mkewe hakuja. Siku hiyo Moyo ulipiga polepole mno, mpaka watoto wakapiga miayo. Jioni Mapigo alinyanyua begi lake akaondoka bila kuaga. Mwaka uliofuata mama akarudi na chai yake, lakini aliyewaona aliona kwamba jambo lile halijaisha, limekalishwa tu.

Miezi miwili iliyopita tulipata barua ya uongozi. Plasta ya Moyo imepasuka pasipozibika. Mwisho wa mwezi huu unabomolewa, na mpya utajengwa wenye vioo vya kuonyesha picha na sauti ya kisasa. Siku ya Familia, Jumamosi tarehe ishirini na nne, ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho ya shamrashamra. Mapigo aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne. Sote tulielewa. Ama mama yule angeingia siku hiyo, ama asingeingia kamwe, na ile mishipa aliyomchorea ingekuwa kifusi.

Meneja wetu wa sasa, ambaye ana moyo mzuri (na hili liwe la mwisho, maana utani wa moyo tumeumaliza wote humu kazini), alipendekeza tumrekodi Mapigo kwa simu na kuicheza sauti kwenye spika. Tukajaribu. Ilisikika kama mtu anabisha hodi. Mtoto mmoja akaitikia karibu, kisha akatoka kwenda kuona ni nani. Mpango ukafa hapo.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, saa ya chakula, aliingia kwangu na kitu kilichofungwa gazeti, akakiweka juu ya rundo la vizibao vyekundu. Ilikuwa fimbo. Nilinawa mikono tu nikamfuata.

Wiki mbili alinifundisha, na Mungu ndiye shahidi wangu, sijawahi kutukanwa kwa upole kiasi kile. Alikaa kwenye ndoo, ananipa mgongo, anakunywa chai na kutoa hukumu. Huyu ana homa. Huyu amekimbizwa na mbwa. Huyu amekufa zamani, ni vile tu hajaarifiwa. Alinifundisha kwamba mkono haupigi, mkono unaachia. Kwamba pigo la pili linazaliwa ndani ya la kwanza. Siku ya kumi na moja alinyamaza. Nilipiga dakika ishirini nzima, nikageuka, nikakuta amesinzia na kikombe mkononi. Hakuna cheti nilichopata maishani kikubwa kuliko usingizi ule.

Tarehe ishirini na nne ilifika na jua jepesi la mawingu. Meneja mwenyewe alisimama Mapafu badala yangu kugawa vizibao. Mimi niliingia nyuma ya ukuta saa nne, nikakaa penye ndoo yake, nikaanza. Ni mahali pa ajabu pale. Sauti za watoto zinakufikia zimelegea, mwanga mwekundu unaingia kwa ule upenyo na kulala kwenye magoti yako, na baada ya muda hujui tena kama ni wewe unayepiga pipa au pipa linakupiga wewe. Miguu ilipita. Raba, malapa, soksi zisizofanana. Nilianza kuelewa kwa nini mtu anaweza kukaa humo miaka thelathini na mmoja na kudhani ni mchana mmoja mrefu.

Saa tano kasorobo nikaviona viatu vya kazi vya Mapigo. Nilivitambua kwa madoa ya rangi, ingawa safari hii vilikuwa vimepigwa kiwi hadi madoa nayo yanang'aa. Pembeni yake kulikuwa na viatu vya kike vya rangi ya zambarau, vya mtindo wa zamani, visigino vifupi, vimehifadhiwa vizuri mno. Nyuma yao raba za binti, na kandambili ndogo za mjukuu. Vile viatu vinne vya mbele vilikwenda polepole, vikafika katikati, vikatulia. Ndipo nikasikia ukutani: mara tatu.

Kazi yangu ilikuwa kujibu tatu. Nilikuwa nimefanya mazoezi mara mia. Lakini nilikuwa nimeinama kwenye upenyo, natazama kile kiatu cha zambarau kikikisogelea kiatu cha kazi mpaka vikagusana, na machozi yalikuwa yananidondoka kwenye sponji. Sikujibu tatu. Sikupiga hata moja. Nikaacha. Moyo ukasimama, na watu arobaini wakiwa ndani.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Watoto wote walinyamaza kwa mpigo. Mwongozaji alipekua karatasi ya maelezo yake, na hilo halimo. Ningeweza kuinua fimbo na kuendelea, lakini niliwaza jambo moja tu, kwamba nimewaharibia, baada ya miaka yote hii nimewaharibia.

Halafu nikasikia kiganja kwenye plasta, upande wa ndani. Du-dup. Polepole, kwa ule mkono unaoachia. Du-dup. Mapigo alikuwa anaupiga Moyo wake kutoka ndani. Baada ya mapigo manne au matano ukajiunga mkono mwingine, mwepesi, nyuma kidogo ya ule wa kwanza kisha sambamba nao. Ukaja wa binti, ukaja wa mjukuu ambaye hajui muda ni nini, halafu watoto wa watu wote, shangazi zao, baba aliyelazimishwa kuja, viganja kuta zote nne, na plasta inaniangukia mimi kichwani. Niliiweka fimbo chini. Haikuwa na kazi tena.

(Uongozi umeniomba nitaje kwamba kupiga kuta kwa mikono ni marufuku. Nimetaja.)

Nilimwuliza baadaye aliona nini humo ndani. Alisema kosa langu lilikuwa baya na kwamba zamani angenifukuza. Kisha akasema hakujua kwamba ukiwa ndani sauti haitoki ukutani, inapanda kutoka miguuni. Akaongeza kwamba mkewe aliitazama ile mishipa ya darini, mmoja baada ya mwingine, hakuharakishwa na mtu, na akamwuliza kwa nini mmoja ameuacha nusu. Alimwambia ndiyo pembe aliyokuwa anaimalizia siku kanda ilipotafunwa. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Mapigo, umetuachia mengi. Waongozaji kumi na wawili uliowafundisha kusubiri watoto bila kufoka. Kitabu cha maoni chenye kurasa nzima zinazousifu Moyo, na wewe hutajwi hata mara moja, wala hukuwahi kulalamika. Mimi umeniachia fimbo, nami nimeiweka juu ya kabati la vizibao, pasipofikiwa na dereva wa treni. Tunakushukuru kwa kila pigo. Jumamosi zote tangu sasa ni zako na mama, mwende polepole, viatu vikigusana, na afya njema iwafuate kila mtakapokaa.

Jumamosi ile jioni nilihesabu vizibao kama kawaida. Namba kumi na nne ya bluu ilikuwa mezani, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, baada ya miaka thelathini na mmoja. Bluu zote zilitimia. Upande wa nyekundu ilipungua moja, na meneja aliponiuliza kama tuitafute, nilifungua daftari nikaandika: ipo kwa mwenyewe.